Jino Likiuma Minova, Kidonge cha Moyo Kisiachwe

Mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda akienda kung'olewa jino, mara nyingi husikia moja ya kauli mbili. Ya kwanza: "Sikugusi, damu yako haitakatika." Ya pili: "Acha kwanza hiyo dawa siku tano, halafu urudi." Zote hutoka kwa wauguzi na waganga wa meno wenye nia njema, tena wenye sababu, kwa kuwa aliyewahi kuona ufizi ukivuja usiku kucha hasahau. Lakini kauli ya kwanza humrudisha mgonjwa nyumbani na usaha mdomoni, na ya pili inaweza kumuua. Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayofuatwa leo na madaktari wa meno wa nchi nyingi: dawa inaendelea kumezwa, jino linatoka, na damu inazuiwa palepale lilipotoka.

Naiandika habari hii nikiifikiria Minova. Mji huu wa soko wa wilaya ya Kalehe, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu, uko mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Goma kwa njia ya Sake, na mbali zaidi na Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini, Kongo. Una hospitali yake kuu, lakini kwa mambo ya moyo watu hutazama Goma au Bukavu. Mgonjwa wa Brussels akitoka damu saa nne usiku, gari la wagonjwa linamfikia. Wa Minova ana pikipiki, ana boti ya asubuhi, na wakati mwingine hana hata kimoja. Mnamo Februari 2024 vita viliifunga barabara ya Sake, na mji mzima ukalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo, boti MV Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Januari 2025 Minova yenyewe iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika mazingira hayo, ushauri wa kuacha dawa "siku chache tu" hauna uhakika wowote kwamba siku hizo zitabaki chache.

Ni akina nani wanaomeza dawa hizi? Kuna wazee ambao moyo wao hupiga bila mpangilio, wapo waliowahi kuganda damu mguuni au mapafuni, na wapo waliopata kiharusi. Katika nchi zetu kuna kundi jingine ambalo Ulaya limekaribia kusahaulika: vijana walioharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo, bakteria wa koo hawatibiwi kwa penisilini, mwili unapopigana nao unaushambulia na moyo wake wenyewe, na miaka kadhaa baadaye vali zinakakamaa au zinavuja. Utafiti uitwao REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 14, yaani za Afrika pamoja na India na Yemen, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa ni miaka 28, na karibu theluthi mbili yao ni wanawake. Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti cha meno akiwa na vali ya bandia kifuani huenda ni dada mwenye mtoto mgongoni. Mganga wa meno anayesubiri kumwona mzee mwenye fimbo ndipo aulize habari za moyo, hatauliza.

Wakazi wa Kivu wanaobahatika kupasuliwa moyo kwa kawaida huvuka mpaka. Wengine hupelekwa Kigali, wengine Kampala kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015. Khartoum, kituo cha Salam cha shirika la Kiitaliano la Emergency kilifunguliwa mwaka 2007 na kuwapasua bure wagonjwa kutoka nchi nyingi za Afrika, hadi vita vya Aprili 2023 vilipoukumba mji huo. Mgonjwa hurudi nyumbani na kovu refu katikati ya kifua, karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa lugha ambayo pengine hospitali ya kwao haiitumii, na vidonge vya maisha: warfarin, au, kwa walio upande wa Kifaransa, acenocoumarol, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Sintrom.

Vali ya bandia ya aina ya chuma na kaboni ina sauti. Usiku nyumba ikitulia, mwenyewe huisikia ikigonga, tik, tik, na mara nyingine hata anayelala naye huisikia. Mabawa yake mawili madogo hufunguka na kufunga kila moyo unapopiga, na damu inapogusa kitu kigeni hutaka kuganda juu yake. Dawa ndiyo inayozuia. Dawa ikikatika, bonge la damu linaweza kujengeka kwenye bawaba hadi bawa likakwama kama mlango ulioota kutu, au kipande kikang'oka na kwenda kichwani kuleta kiharusi. Sauti ya vali ikififia au ikinyamaza, na pumzi ikawa fupi, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Tuhesabu pamoja hizo "siku tano". Warfarin haitoki mwilini kwa haraka. Huchukua siku tano hivi nguvu yake kwisha, na ikianzwa tena huchukua siku tano au zaidi kurudi kwenye kiwango. Jumla yake, mgonjwa aliyeambiwa aache ili ang'olewe jino moja anakaa wiki nzima au zaidi na ulinzi hafifu au bila ulinzi kabisa, kwa ajili ya kidonda ambacho hatari yake kubwa ni ya usiku mmoja na siku chache zinazofuata. Tena ufizi uko mahali ambapo kidole kinafika na kitambaa kinafika. Bonge lililoko ubongoni halibanwi na kidole cha mtu yeyote.

Hoja hii si ya nadharia tu. Mwaka 1998 daktari wa meno wa Marekani, Michael Wahl, alikusanya taarifa za miaka mingi kuhusu wagonjwa wa dawa hizi walioshughulikiwa meno. Miongoni mwa karibu watu 500 walioachishwa dawa, 5 walipatwa na madhara makubwa ya damu kuganda, na 4 kati yao walikufa. Waliotolewa meno huku wakiendelea na dawa, idadi kubwa kuliko hao, walitoka damu kidogo zaidi ya kawaida, na wachache sana ndio waliohitaji zaidi ya kubanwa, kushonwa na dawa ya kuweka kwenye kidonda. Tangu hapo miongozo ya nchi nyingi imekaza upande huo: kwa jino moja hadi matatu ya kawaida, warfarin haiachwi, ili mradi kipimo cha damu kiko sawa.

Kipimo hicho huitwa INR. Mtu asiyemeza dawa ana 1 hivi. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya bandia upande wa mitral kati ya 2.5 na 3.5. Kung'oa jino kunakubalika INR ikiwa chini ya 4, ikiwa imepimwa ndani ya saa 24 zilizopita, au hata 72 kwa mtu ambaye vipimo vyake vimetulia kwa miezi. Ikizidi 4, jino linasubiri na mtaalamu wa moyo anatafutwa, kwa simu kama njia imefungwa.

Hapa ndipo kuna mtego ambao mwenye karatasi za Kigali au Dar lazima aujue. Labo nyingi za upande wetu huandika TP (taux de prothrombine), kwa asilimia, na namba hiyo huenda kinyume: damu ikizidi kuwa nyepesi, INR inapanda lakini TP inashuka. Mwenye TP ya asilimia 100 ni mtu ambaye dawa haifanyi kazi mwilini mwake, wala hapaswi kupongezwa. Tena TP ya labo moja hailingani na ya labo nyingine, kwa sababu kemikali zinatofautiana, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilileta INR mwaka 1983. Mgonjwa aombe zote mbili ziandikwe kwenye kijitabu chake, pamoja na tarehe.

Na kama labo ya karibu haipimi kabisa? Damu inaweza kusafiri. Huvutwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, ambacho ndani yake kuna tone la sitrati ya kuzuia kuganda. Kichupa hicho kina mstari, na damu lazima ifike pale mstarini: sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati. Muuguzi akikijaza nusu, sitrati inakuwa nyingi mno kwa damu iliyomo, na INR itasomeka juu kuliko ilivyo kweli. Mtu atanyimwa huduma, au atapunguziwa dawa, kwa kosa la kichupa. Kikijazwa vizuri na kikakaa kwenye joto la kawaida la chumba, bila friji wala barafu, kipimo hiki bado kinaaminika ndani ya saa 24. Damu iliyovutwa Minova asubuhi inaweza kupanda boti na kufika labo ya Goma mchana, na jibu likarudi kwa simu jioni, bila mgonjwa kupanda boti. Vipo pia vifaa vidogo vinavyopima kwa tone la kidole katika dakika moja hivi. Kimoja tu pale hospitalini, pamoja na vipande vyake vya kupimia, kingeondoa safari nyingi.

Sasa tuketi kwenye kiti. Siku nzuri ni ya mwanzo wa juma, na saa nzuri ni ya asubuhi, ili damu ikigoma, igome kukiwa na mwanga na watu wa kusaidia. Sindano ya ganzi inachomwa taratibu, na inapowezekana karibu na jino lenyewe badala ya ndani kabisa nyuma ya taya, ambako mshipa ukitobolewa damu hukusanyika mahali pasipobanika. Jino linatolewa kwa upole, mfupa usivunjwe ovyo, nyama ya ugonjwa ndani ya tundu isafishwe, kwa kuwa nyama hiyo huvuja kuliko ufizi mzima. Kisha kuta mbili za tundu zinaminywa kwa vidole. Kama kuna sponji ya kolajeni au ya selulosi, inajazwa ndani. Halafu nyuzi mbili tatu zinavuta kingo za ufizi zikaribiane. Wengi huruka hatua hii kwa mgonjwa wa kawaida, na kwake wana haki. Kwa huyu uzi ni wa lazima.

Baada ya hapo ni shashi. Inakunjwa nene, inawekwa juu ya tundu lenyewe, siyo juu ya meno ya jirani, na mgonjwa anauma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kufungua mdomo kutazama. Udadisi huu wa kutazama kila dakika mbili huharibu kazi nyingi. Asitoke kituoni mpaka muuguzi aone kwa macho kwamba pamekauka.

Kuna dawa moja ningependa kila kiti cha meno cha Kivu kiwe nayo: asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962, na kazi yake ni kulilinda bonge la damu lisiyeyushwe kabla kidonda hakijafunga. Mate yetu yana nguvu ya kuyeyusha mabonge, ndiyo maana ufizi hurudi kuvuja siku ya pili au ya tatu. Mwaka 2017 jaribio kubwa lililohusisha wanawake zaidi ya 20,000 lilionyesha kwamba dawa hii inaokoa akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wodi za wazazi. Maana yake ni kwamba huenda iko tayari hospitalini, kwenye kabati la wodi ya uzazi, na mganga wa meno hajawahi kufikiria kwenda kuiomba. Ampuli ya kawaida ina miligramu 500 katika mililita 5. Ikiongezwa maji safi kiasi kilekile, inatoa mililita 10 za maji ya kushika mdomoni. Shashi huloweshwa kwa maji hayo, na baadaye mgonjwa huyashika mdomoni dakika mbili, mara nne kwa siku, kwa siku mbili, kisha hutema. Kidonge cha miligramu 500 kilichosagwa katika mililita 10 za maji kinafanya kazi hiyohiyo.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye kiti. Iko kwenye bahasha ya dawa anayopewa mgonjwa akitoka. Kwa mazoea, bahasha ya aliyeng'olewa jino ina metronidazole, ambayo kila mtu huiita Flagyl, pamoja na diclofenac au ibuprofen ya maumivu. Metronidazole huzuia ini kuivunja warfarin, na INR huweza kupanda sana ndani ya siku chache. Diclofenac na ibuprofen hudhoofisha chembe sahani za damu na kukwangua tumbo. Mgonjwa aliyetoka kituoni ufizi umekauka anaweza kuanza kutapika damu siku ya nne, na lawama ikaangukia jino. Bactrim ni ndugu wa Flagyl kwa ubaya huu, fluconazole pia, na hata jeli ya miconazole inayopakwa mdomoni kwa ajili ya fangasi, ambayo wengi huidhania ni ya juujuu tu. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo cha kawaida inatosha siku hizo chache. Kama maambukizi yanadai kweli metronidazole, basi INR irudiwe baada ya siku tatu hadi tano. Kama haiwezekani kuirudia, daktari atafute dawa nyingine.

Kwa mwenye vali ya bandia, iko antibiotiki moja ambayo haipaswi kusahauliwa: gramu 2 za amoksisilini, kwa mkupuo mmoja, nusu saa hadi saa moja kabla ya jino kung'olewa, ikiwa hana mzio wa penisilini. Bakteria wa mdomoni huingia kwenye damu jino linapotikiswa, na vali ya bandia ni mahali wanapopenda kutia nanga. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutomrudisha mgonjwa nyumbani na jino bovu. Usaha ulioachwa unamwaga bakteria hao kila siku, bila amoksisilini yoyote mbele yao.

Wanaotumia aspirini ndogo ya kila siku wasiiache kwa ajili ya jino. Wenye kimrija cha chuma (stenti) kwenye mshipa wa moyo, wanaomeza aspirini pamoja na clopidogrel, wasiguse hata kimoja bila neno la daktari wao wa moyo. Na zipo dawa mpya, rivaroxaban, apixaban na dabigatran, ambazo hazihitaji INR. Kwa jino moja rahisi kwa kawaida huendelea, na kwa kazi kubwa zaidi daktari anaweza kusogeza kidonge cha asubuhi kwa saa chache tu. Kwa unafuu wake, watu huuliza kwa nini vijana wetu wa vali wasihamie huko. Jibu limeshapatikana, nalo ni chungu. Jaribio la dabigatran kwa wenye vali za bandia lilisimamishwa mapema, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha viharusi zaidi na damu kutoka zaidi. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS, lenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa baridi yabisi, lilikuta kwamba waliotumia dawa za ukoo wa warfarin walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroxaban. Kidonge cha zamani, pamoja na usumbufu wake wote, bado ndicho chao.

Na usumbufu huo unafika hadi sahanini. Vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani hupingana na warfarin, na Kivu bila sombe na lengalenga ni Kivu gani? Hakuna haja ya kuyakataza. Kinachodhuru ni kubadilika ghafla: mtu aliyezoea sombe mara nne kwa wiki anang'olewa jino, mdomo unauma, anaishi kwa uji na sukari siku sita, INR inapanda. Sombe iliyotwangwa laini na kupoa inamezeka vizuri kwa aliyeshonwa ufizi. Aendelee nayo, atafune upande mwingine, na mambo ya moto ayaache siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza pia asisukutue. Wazee wetu hushauri maji ya chumvi ya uvuguvugu, na ushauri ni mzuri, lakini ni wa kesho yake. Yakitumika saa mbili baada ya jino kutoka yanaosha bonge lote na kazi inaanza upya. Sigara na pombe vikae kando, na wala asinyonye kwa mrija.

Damu ikirudi usiku, akae wima, akunje kitambaa safi kilicholoweshwa, akiweke juu ya tundu na kuuma nusu saa nzima huku akitazama saa. Mate mekundu kidogo si kitu. Tone moja la damu hupaka rangi kikombe kizima cha mate. Baada ya nusu saa ya kuuma kweli, ikiwa damu bado inajaza mdomo, aende hospitali ileile ya Minova usiku huohuo, asingoje boti. Akiona uvimbe chini ya ulimi au shingoni, sauti ikabadilika au kumeza kukawa kugumu, asianze hata kuuma kitambaa, akimbilie hospitali papo hapo. Damu inakusanyika ndani na njia ya hewa iko hatarini. Hospitalini wanaweza kushona tena, kuweka traneksamiki, na ikibidi kumpa vitamini K. Ila kwa mwenye vali kipimo cha vitamini K ni kidogo sana, na ni vyema anayeitoa azungumze kwanza kwa simu na daktari wa moyo, kwa kuwa dozi kubwa inaweza kuizima warfarin kwa siku nyingi.

Eldoret, nchini Kenya, Hospitali ya Rufaa ya Moi ilifungua kliniki ya dawa hizi ikaikabidhi kwa wafamasia. Wao ndio wanaosoma INR, wanaopanga dozi, na wanaompigia mgonjwa asiyefika. Hawakungoja daktari wa moyo kwa kila mtu. Muuguzi mmoja wa Minova mwenye simu, daftari na majina ya wagonjwa wote wa warfarin wa eneo lake la afya angeweza kuanza hivyohivyo, na mganga wa meno angejua mlango wa kubisha kabla ya kuchukua koleo. Kwa sasa, kila mwenye dawa hizi aombe karatasi moja ngumu, kwa Kiswahili na Kifaransa, iandikwe jina la dawa na kipimo chake, sababu ya kuimeza, aina ya vali na iko upande gani, INR anayotakiwa kuwa nayo, vipimo vitatu vya mwisho, dawa za kukwepwa, na namba ya simu ya daktari. Aifunge kwenye plastiki, kwa sababu ya mvua na ya ziwa, aiweke pamoja na kadi yake ya uraia, na aitoe kabla hajafungua mdomo.